Daftari la Wanachama na Siri Zilizomo Ndani Yake

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama, kwa niaba ya Ofisi, mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, na kuchapishwa katika taarifa hii kwa agizo la Kamati.



Kamati imetuagiza tusimame mbele yenu kueleza jambo ambalo katika taarifa za miaka iliyopita halikupata hata ukurasa mmoja, nalo ni daftari la wanachama: limeandikwa nini, nani hulisoma, na nani hapaswi kulisoma. Huenda wengine wakaona kuwa jambo hili ni la makarani tu, na kwamba mkutano kama huu wafaa kuzungumza habari za fedha za mazishi na karo za yatima. Twawaomba subira. Katika mwaka huu tunaoutolea taarifa, ofisi ilipokea maombi matatu ya watu waliotaka kupewa nakala ya daftari hilo. Wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa bima. Wa pili alikuwa mtu atafutaye kura. Wa tatu alikuwa mwanachama mwenzetu, mtu wa heshima, aliyetaka kujua ni akina nani wakaao mtaani kwake walio na deni la chama. Wote watatu waliambiwa wangoje. Leo ndipo mkutano utakapoamua wajibiwe nini, na jibu hilo litakuwa kanuni ya chama kwa watakaokuja baada yao.

Hebu kwanza tuliangalie daftari lenyewe. Chama kilipoanza, lilikuwa kitabu kimoja cha mistari chenye safu nne: jina, kijiji atokako mtu, siku aliyoingia, na ada aliyolipa. Aliyetaka kujua mengine alimwuliza jirani. Lakini kila msiba uliotupata ulitufundisha kuandika jambo jipya. Mwanachama mmoja alipofariki na watu wawili wakaja kudai fedha zake, tukaongeza safu ya mrithi. Watoto wa mwingine walipokosa karo, tukaongeza majina ya watoto na umri wao. Mfuko wa wagonjwa ulipoanzishwa, tukaanza kupokea barua za daktari na hati za hospitali. Simu za mkononi zilipoenea, tukaandika namba za simu. Na kwa kuwa michango sasa yaja kwa M-Pesa, iliyoanzishwa nchini mwezi wa Machi mwaka 2007, hata saa na dakika ambayo mtu alituma shilingi zake mia mbili imo katika vitabu vyetu. Wakopaji nao walileta nakala za vitambulisho, na baadhi yao hati za mashamba ziwe dhamana.

Hivyo, ndugu zetu, pasipo mtu yeyote kukusudia, kabati la ofisi limekuwa na habari nyingi za wanachama kuliko zile azijuazo padre wa parokia au chifu wa lokesheni. Mtu akilifungua atajua ni nani aliye na wake wawili, na ni yupi kati yao asiyejua habari za mwenziwe. Atajua ni nani amsomeshaye mtoto ambaye nyumbani hatajwi. Ni nani anywaye dawa ambazo hataki mwajiri wake azijue. Ni nani aliyeweka rehani shamba la babaye. Hakuna hata moja katika hayo tulilolipeleleza. Yote tuliletewa na wenyewe, kwa sababu walikuwa na shida, na mwenye shida haulizi sana karatasi yake itakwenda wapi.

Watu wa nchi hii wajua maana ya kuandikwa. Wazee wa kale hawakupenda watoto wao wala ng'ombe wao wahesabiwe, na sisi tuliosomeshwa na wamishenari tulifundishwa kuicheka desturi ile, ingawa katika Biblia ile ile tuliyosomeshwa mna habari za mfalme Daudi aliyewahesabu watu wake ikawa balaa. Kisha kikaja kipande. Sheria ya kuandikisha Waafrika ilitungwa mwaka 1915, ikatekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza kwisha. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alitakiwa kuwa na kipande chenye jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, kazi alizofanya, mshahara aliopata, na sahihi ya bwana aliyemwachisha. Kilitiwa katika kikebe cha chuma kikaning'inizwa shingoni. Harry Thuku na wenzake walipowakusanya watu Nairobi mwaka 1921, kipande kilikuwa mojawapo ya malalamiko yao makubwa. Naye alipokamatwa mwezi wa Machi mwaka 1922, watu waliokusanyika nje ya kituo cha polisi walipigwa risasi. Ilipotungwa sheria ya mwaka 1947 ndipo serikali ilipokubali kuandikisha watu wa rangi zote kwa namna moja.

Hatukukumbusha habari hizi kwa kukifananisha chama na serikali ya kikoloni. Twataka wazee wetu wafikiri ni kitu gani hasa kilichowauma baba na babu zao. Chuma cha kile kikebe hakikuwa kizito. Kilichouma ni kwamba mtu alibeba shingoni maandishi yaliyomhusu, naye hakuruhusiwa kuongeza wala kufuta herufi moja. Bwana akikataa kutia sahihi ya kumwachisha, mtu yule hakupata kazi kwingine. Mtoro alitafutwa kwa alama za vidole zilizowekwa ofisini Nairobi, mahali ambapo yeye mwenyewe hakupata hata kupaona. Basi mwanachama wetu asiyeruhusiwa kuuona ukurasa wake, na asiyeambiwa ni nani mwingine aliyeuona, afadhali yake ni ndogo.

Siku hizi sheria ya nchi imelisema jambo hili waziwazi. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 31, yampa kila mtu haki ya faragha, na mojawapo ya maneno yake ni kwamba habari za jamaa ya mtu au mambo yake ya ndani zisitakwe wala zisifunuliwe pasipo lazima. Angalieni, wazee, kwamba Katiba imetaja mambo mawili: kutaka na kufunua. Ofisi yaweza kukosa hata kabla ya kumwambia mtu lolote, kwa kuuliza tu lile ambalo halina haja nalo. Baadaye ikatungwa Sheria ya Ulinzi wa Data, Nambari 24 ya mwaka 2019, iliyoanza kutumika tarehe 25 Novemba mwaka huo, na mwaka uliofuata akaapishwa Kamishna wa kwanza wa kuisimamia.

Wengi hudhani kuwa sheria hii yahusu mabenki na makampuni ya simu. Lakini sheria yenyewe yataja aina ya habari inazoziita data nyeti, maana yake zile ambazo zikitoka zaweza kumdhuru mtu zaidi, na miongoni mwake imetaja hali ya afya, asili ya kabila la mtu, imani yake, mali yake, hali yake ya ndoa, na majina ya watoto wake, wazazi wake, na mke au wake zake. Tulipoyasoma maneno hayo ofisini tulitazamana. Orodha ile ni kama fomu yetu ya kujiunga na chama. Ukiondoa jina na namba ya simu, karibu kila safu ya daftari letu ni data nyeti.

Yasemwa pia kwamba vyama vidogo vimesamehewa. Hilo ni kweli nusu. Kwa kanuni za mwaka 2021, zilizoanza kutumika katika jambo hili tarehe 14 Julai 2022, wengi wenye mapato yasiyofika shilingi milioni 5 kwa mwaka na waajiriwa wasiofika 10 hawalazimiki kujiandikisha kwa Kamishna. Wamesamehewa kujiandikisha tu, bali sheria yenyewe yawafunga kama wengine. Ni kama mtu aliyesamehewa ada ya leseni ya kibanda, akadhani amesamehewa na kutumia mizani ya haki.

Sasa twaja penye ugumu, nasi twaomba wazee wetu watusikilize bila hasira, maana jambo lenyewe lagusa desturi ya mikutano yetu tangu chama kizaliwe. Katika matawi mengi, Katibu husimama akasoma majina: fulani ni mgonjwa, augua ugonjwa fulani, amelazwa mahali fulani, anahitaji kiasi fulani. Kisha husoma majina ya wenye madeni. Tumefanya hivyo kwa sababu chama cha ustawi chaishi kwa kujuana. Mtu hatoi shilingi yake kwa mgonjwa asiyemjua, na hatoi tena ikiwa hakujua ya kwanza ilikwenda wapi. Mzee mmoja wa Kamati, tulipolileta jambo hili, alitujibu kwa methali: mficha maradhi, kilio humfichua. Akauliza, je, mwataka tufichane hata tusikie tu kwamba mwenzetu amezikwa?

Twaiheshimu methali hiyo, nayo ni ya kweli. Lakini yamwonya mgonjwa, nayo haikumpa karani ruhusa. Mgonjwa ashauriwa asijifiche mbele ya wale wawezao kumsaidia. Hakuna mahali iliposemwa kwamba akijifunua kwa watu watatu, hao watatu wamfunue kwa watu mia tatu. Katika tawi moja, ambalo hatulitaji, jina la mama mmoja lilisomwa pamoja na ugonjwa wake na kliniki aendako. Mchango ulipatikana upesi, tena mwingi, nasi twawasifu waliotoa. Mama yule alikuwa akiuza chakula kibandani. Kabla mwezi haujaisha wateja wake walikuwa wamehamia kibanda cha pili. Alipona, kwa rehema ya Mungu, lakini hakurudi tena mkutanini, na mwaka uliofuata mwanawe alipolazwa hakutuletea barua yoyote. Habari za mtoto yule tulizipata kwa watu wengine, wakati ambapo msaada wetu haukuwa na faida tena.

Hiyo ndiyo hasara tunayotaka mkutano uipime. Katika hesabu za Mweka Hazina hasara ile haionekani, kwa sababu mtu asiyeomba haandikwi. Vitabu vyaonyesha waliosaidiwa. Havionyeshi waliokaa nyumbani na ugonjwa wao kwa kuogopa midomo ya watu. Tena wanaoogopa zaidi ndio aghalabu walio na haja kubwa zaidi: wenye ugonjwa ambao watu huusema kwa kunong'ona, mabinti waliopatwa na makuu, watu wazima walioshindwa na pombe na wanaotaka kujirudi. Kwa habari za UKIMWI, nchi ilitunga sheria mbali tangu mwaka 2006 ya kuzuia hali ya mtu isitangazwe bila idhini yake. Sisi twaona kuwa magonjwa mengine nayo yastahili heshima ile ile, hata pale ambapo hakuna adhabu iliyotajwa.

Kamati basi yapendekeza hivi. Barua ya daktari isomwe na watu watatu tu wa Halmashauri ndogo ya Wagonjwa, nao watie sahihi ya kutunza siri. Mkutano uambiwe kwamba yuko mwanachama wa tawi fulani ambaye Halmashauri imemthibitisha kuwa mgonjwa, na kiasi kinachohitajika. Mgonjwa akipenda jina lake litajwe, kama wengi watakavyopenda, basi litajwe, lakini ugonjwa usitajwe ila kwa neno lake mwenyewe. Mkaguzi wa hesabu ataonyeshwa hati za malipo zenye namba ya mwanachama mahali pa jina. Kama atashuku udanganyifu, aitwe Mwenyekiti, kabati lifunguliwe mbele yao wawili. Haya yatawachosha kidogo wale watatu. Twaamini wataweza.

Habari za madeni ni nyingine, nasi hatutaki kuwadanganya: kusoma majina ya wadaiwa hufaa. Mtu akisikia jina lake likisomwa Jumapili, mara nyingi hulipa kabla ya Jumapili ya pili. Lakini wako pia waliolipa wakatoka chamani, na wako waliosomwa kwa makosa ya hesabu, jina likasafishwa kimya kimya mwezi uliofuata bila mtu kusimama kusema alikuwa hana deni. Kamati yapendekeza kwamba taarifa ya mwaka ichapishe jumla ya madeni, idadi ya wadaiwa, na miezi ambayo madeni yamekaa, ili kila mwanachama ajue fedha zake ziko wapi. Majina yajulikane na Kamati ya tawi, na yajulikane na wadhamini, kwa sababu mdhamini alitia sahihi na deni laweza kumwangukia. Jirani asiyedhamini hana haki hiyo, awe mtu wa heshima namna gani. Hilo ndilo jibu tunaloliomba mkutano umpe yule mwombaji wetu wa tatu, naye yumo humu ndani wala hatutamtaja.

Michango ya rambirambi tumeiacha kama ilivyo. Majina ya waliotoa na viasi vyao yataendelea kusomwa na kuandikwa katika daftari la wafiwa, kwa sababu wafiwa wenyewe hulitunza wapate kurudisha wema siku ya msiba wa mwingine. Huko ni kufaana kwetu, na sheria haikuja kukuvunja. Atakayependa aandikwe "Mwanachama" pasipo jina, na aandikwe hivyo.

Mwanachama mmoja kijana, msomi wa chuo kikuu, alitupinga kutoka upande wa pili. Alisema kwamba vyama vya wataalamu huweka majina ya wanachama wao wazi, kila mtu ayaone: mawakili wamo katika orodha ya wenye leseni, na madaktari hali kadhalika. Alisema kweli. Lakini yafaa kuuliza kwa nini. Orodha ya mawakili yawekwa wazi ili mwananchi asidanganywe na mtu aliyevaa tai akakodi chumba cha ofisi. Orodha ya madaktari yawekwa wazi ili mgonjwa asichomwe sindano na asiyesomea. Watu wa nje wana haja ya kuijua, na kinachowekwa wazi ni jina la mtu na ruhusa yake ya kufanya kazi. Wakili akiugua, au akikopa, au akitengana na mkewe, chama chake hakiliweki hilo katika orodha. Nasi je, ni mwananchi gani wa nje atakayedhurika kwa kutojua kwamba fulani ni mwanachama wa chama cha kuzikana?

Tukija kwa yule mtafuta kura, wengi mtakumbuka yaliyotokea mwezi wa Juni mwaka 2021. Wananchi walipopewa njia ya kutazama majina yao katika orodha za vyama vya siasa, wengi walijikuta wameandikishwa katika vyama ambavyo hawajapata kuvijua, kwa majina yao kamili na namba za vitambulisho vyao. Walalamikaji waliuliza kwa haki: namba hizi zilitoka wapi? Mtu huacha namba ya kitambulisho mahali pengi, katika lango la jumba, dukani, na katika madaftari ya vyama kama hiki. Hatusemi kwamba mwombaji wetu alikusudia ubaya. Lakini orodha yetu inayo majina, vitambulisho, simu, na vijiji wanakotoka watu. Na mtu wa Kenya aliyeyaona ya mwaka 2007 na 2008 hahitaji kuelezwa kwa nini orodha ya watu kwa asili yao haitolewi mkononi mwa mtu wakati wa uchaguzi. Sheria ya 2019 inavikumbuka vyama visivyo vya faida, vile vya dini, vya siasa, vya falsafa na vya wafanyakazi, na masharti inayovipa ni kwamba data nyeti za wanachama zisitoke nje ya chama bila idhini ya mwenyewe. Chama chetu si cha dini wala cha siasa, lakini kipimo hicho chatufaa. Mtafuta kura akitaka kusema na wanachama, na aje azungumze mkutanini kwa ruhusa ya Mwenyekiti. Mfanyabiashara wa bima naye atuachie karatasi zake mlangoni, atakayependa atazichukua.

Ukurasa wa mrithi wataka neno lake, kwa maana ndio unaotuletea machozi ofisini. Bibi wa mwanachama huja akitaka kujua mumewe amemwandika nani. Mara nyingine huja mwana mkubwa, mara nyingine ndugu. Nasi hutuwia vigumu kumnyima mama mtu mzima, aliyesafiri tangu alfajiri, jibu ambalo liko hatua tatu kutoka alipoketi. Lakini jibu letu limekuwa, na twaomba mkutano ulithibitishe, kwamba ukurasa ule ni wa mwanachama mwenyewe maadamu yu hai. Aweza kuubadili mara atakazo, na hakuna atakayeambiwa kwamba ameubadili. Akifariki, bahasha itafunguliwa mbele ya Mwenyekiti, Mweka Hazina na jamaa waliofika, isomwe kwa sauti mara moja. Wazee wengine wamesema desturi hii yaweza kuleta ugomvi kaburini. Huenda. Ila mwanachama aliyeandika jina kwa kuogopa kuonekana ataandika jina lisilo la moyo wake, na ugomvi huo utakuja baadaye mahakamani kwa gharama kubwa zaidi.

Kuhusu simu tutasema machache. Kundi la WhatsApp la chama lilianzishwa kwa matangazo, na kwa matangazo litumike. Picha ya mgonjwa kitandani, nakala ya kitambulisho, hati ya hospitali, picha ya watoto yatima wakipokea sare: vyote hivi vimewahi kutumwa humo na watu wenye nia njema. Kilichotumwa kwa watu mia moja hakiitiki kikarudi. Mjanja mwenye jina la mtu, kitambulisho chake, siku yake ya kuzaliwa na namba yake ya simu, amepata karibu kila kitu anachohitaji ili kuihamisha laini ya mtu huyo na kuzitoa fedha zake. Na kwa habari za watoto, mwaka 2023 Kamishna aliitoza shule moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Fungu letu lote la yatima halifiki hapo. Tangu sasa hakuna picha ya yatima itakayochapishwa katika kitabu hiki pasipo sahihi ya mlezi wake, na wasomaji wataona kuwa ukurasa wa karo mwaka huu una tarakimu bila picha.

Karatasi kuukuu nazo zina hatari yake. Kila mtu hapa amenunua njugu sokoni zikafungwa katika karatasi yenye hesabu za mtu fulani au mtihani wa mtoto fulani. Karatasi ile ilitoka katika kabati la mtu aliyedhani ametupa taka. Kamati imekubali kwamba vitabu vya hesabu na kumbukumbu za mikutano vitunzwe, kwa kuwa ndiyo historia ya chama, lakini barua za daktari zichomwe mwaka mmoja baada ya msaada kulipwa, na nakala ya kitambulisho cha mkopaji arudishiwe mwenyewe siku amalizapo deni. Zichomwe mbele ya mashahidi wawili, na iandikwe kwamba zimechomwa.

Ikitokea daftari likaibwa, au simu ya Katibu wa tawi ikapotea ikiwa na orodha ndani yake, lisifichwe. Sheria yataka Kamishna aarifiwe katika muda wa saa 72 tangu kujulikana, palipo na hatari ya kweli ya watu kudhurika, na wenye habari zile waarifiwe nao. Twawaomba Makatibu wa matawi watupigie simu usiku ule ule, wasingoje kikao. Hatutamkaripia aliyeibiwa.

Yamebaki ya gharama na ya makarani wenyewe. Kabati la chuma lenye kufuli mbili limekadiriwa katika bajeti iliyo mwishoni mwa kitabu hiki. Ufunguo mmoja utakaa kwetu na mwingine kwa Mweka Hazina, asiwepo mtu mmoja awezaye kulifungua peke yake, pamoja na sisi tunaosema mbele yenu. Kompyuta ya ofisi itakuwa na neno la siri la kila mtumishi. Kutakuwa na kitabu kidogo juu ya kabati, na kila atakayefungua ukurasa wa mwanachama ataandika jina lake, siku, na sababu. Mwanachama yeyote ataweza kuja kukiona kitabu hicho ajue ni nani aliyeusoma ukurasa wake. Jambo hili watumishi wengine hawakulipenda walipolisikia mara ya kwanza. Sisi twaliona kuwa kinga yetu, kwa sababu siri ikitoka, mtu wa kwanza kushukiwa ni karani.

Fomu ya kujiunga imepunguzwa pia. Swali la kabila limeondolewa, kwani halikupata kutumika katika msaada wowote. Swali la dhehebu limebaki kwa anayependa kujibu, ili tujue tumwite kiongozi gani wa dini siku ya msiba. Mbele ya kila swali la jamaa na mali imeandikwa sababu ya kuulizwa, kama sheria itakavyo, na mwenye kuona sababu haitoshi aache wazi.

Bwana Mwenyekiti, azimio limo katika ukurasa wa mwisho wa karatasi za mkutano, nalo litapigiwa kura baada ya chakula. Wakati huo huo meza mbili zimewekwa karibu na mlango. Kila mwanachama atakayetaja namba yake na kuonyesha kadi yake ataonyeshwa ukurasa wake, asome, asahihishe kwa kalamu nyekundu, na kutia sahihi. Asome wake tu, asitupe jicho kwa wa jirani. Wasiojua kusoma watasomewa katika chumba cha pembeni na mtu watakayemchagua wenyewe. Wazee wataanza, kisha mama walio na watoto wachanga. Matawi ya mbali yatatumiwa karani mmoja kabla ya mwisho wa mwezi ujao, na masahihisho yatapokelewa ofisini siku zote za kazi.